UZI: Kinga ya dada yangu haijashuka. Imekosa wa kuiambia basi

Labo_Kadutu (mwanzisha uzi)

Salamu kutoka Bukavu, wapendwa. Uzi ni mrefu, nimeuandika usiku tatu nikitoka kazini, mnivumilie. Mimi ni mtu wa labo: napima GE (tone la damu la kutafuta malaria), mkojo, makohozi, damu. Naandika kwa ajili ya dada yangu mdogo mwenye miaka 26, mgonjwa wa lupusi, yaani kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, na kwa ajili ya kila nyumba yenye msichana anayeamka vidole vimekaza, nywele zake zinabaki kwenye kitana, na majirani wameshatoa hukumu yao.

Kwetu ilianza Machi 2023 na homa za jioni. Tukapima GE, ikatoka msalaba mmoja, akatibiwa malaria. Homa ikatulia siku nane, ikarudi. Tukapima Widali, tukaambiwa tifoidi, akameza siprofloksasini. Ikarudi tena, safari hii pamoja na maumivu ya viganja. Ile GE niliisoma mimi mwenyewe, na vimelea vilikuwemo. Ila huku kwetu mtu anaweza kubeba vimelea vya malaria na kinachomuumiza kikawa kitu kingine kabisa. Hilo ndilo lililotupotezea mwaka.

Ilipofika miezi sita, wakubwa wa familia wakasema ni karuho, yaani amelishwa sumu na mtu. Akaletwa mtu wa kumtapisha. Alinyweshwa majani siku tatu, akatapika mpaka sauti ikakauka. Wengine wakanong'ona sida (ukimwi); alipima mara tatu, hana. Kisha akaja mama mmoja tunayesali naye, amebeba kopo la unga wa kijani, dola 40: "Mtoto huyu kinga yake imeshuka, lazima ipandishwe." Alikuwa na nia njema, nalijua hilo. Tulinunua makopo manne.

Asubuhi moja ya Julai 2024 dada aliniletea mkojo kwenye kichupa. Ulikuwa na povu ambalo halikutulia hata baada ya kuuweka mezani. Nikachovya bandeleti, kile kijiti cha kupimia mkojo. Kile kiraba cha protini huwa cha njano. Kilianza kugeuka nikiwa bado nimeishika juu ya kichupa, na kabla sijahesabu sitini kilikuwa kijani kama majani ya sombe mabichi. Misalaba mitatu. Nikamwangalia miguu: soksi ilikuwa imechora mfereji juu ya kifundo, na nilipobonyeza kidole, shimo lilibaki. Tulikwenda kwa daktari siku ileile.

Dokta alimgeuza kwanza aelekee dirishani, akamtazama uso. Kwenye vitabu, alama ya lupusi ni wekundu wenye umbo la kipepeo. Kwenye ngozi yetu haiwi nyekundu hivyo. Ni kivuli cheusi kinachopita juu ya pua na kushuka mashavuni, kikiruka ile mikunjo iliyo kando ya pua. Sisi nyumbani tulidhani ni sabuni mbaya. Damu ikapelekwa Kigali, jibu likarudi: ana kingamwili zinazoshambulia viini vya seli zake mwenyewe. Lupusi, na ilikuwa imeshafika kwenye figo.

Nikamuuliza dokta kinga yake ilishukaje hivyo. Akanijibu: "Haijashuka. Imekosa wa kuiambia basi."

Basi Jumatatu ya tarehe 6 Oktoba 2025 niko kazini, redio inasema Tuzo ya Nobel ya tiba imekwenda kwa Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani na Shimon Sakaguchi wa Japani. Kwa kazi gani? Kwa kuonyesha ni nani anayeiambia kinga basi. Nikapandisha sauti. Seli hizo zinaitwa seli T dhibiti. Ninaendelea hapa chini.

---

Labo_Kadutu

Seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, kisha huhamia kwenye tezi inayoitwa thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo. Humo zinajaribiwa: zinaonyeshwa vipande vya mwili wenyewe. Seli inayovirukia kwa nguvu huuawa palepale. Lakini mchujo huo unavuja. Kila mmoja wetu, hata mzima wa afya, anatembea na seli T zinazoweza kushambulia kongosho lake, viungo vyake au ngozi yake. Na baadhi ya zile zinazoutambua mwili haziuawi, hubadilishwa kazi: ndizo seli T dhibiti. Katika damu ni kama 5 hadi 10 kwa kila seli 100 za kundi la seli T liitwalo CD4.

Kwenye avenyu yetu tuna nyumbakumi, mzee wa makamo. Watu wawili wakishikana mashati, yeye hana bunduki wala pingu. Kwanza anawafukuza wanaochochea, halafu anamvuta mmoja pembeni na kumkalisha, anaongea taratibu mpaka pumzi zinashuka. Seli hizi zinafanya karibu hivyo.

Seli T mpiganaji haiamki yenyewe. Kuna seli nyingine inayoionyesha kipande cha adui na wakati huohuo inainua bendera mbili, CD80 na CD86. Bila bendera, mpiganaji hasogei. Seli dhibiti ina kitu kinaitwa CTLA-4 kwenye ngozi yake. Kinazikamata bendera hizo, kinazing'oa na kuzivuta ndani ya seli. Mchochezi anabaki mikono mitupu. Nikikaa nyuma ya mikroskopu yangu nawaza jambo hili na linanishangaza kila mara.

Pili, chakula. Wapiganaji huongezeka kwa kemikali inayoitwa interleukini-2. Seli dhibiti zina kipokezi cha kuinasa, CD25, kwa wingi kuliko wengine, kwa hiyo zinaimaliza kabla wapiganaji hawajashiba. Tatu, hutoa kemikali za kutuliza, kama interleukini-10 na TGF-beta.

Sasa mwone dada yangu na kopo la kijani. Kama unga ule haukufanya chochote, tulitupa dola 160. Kama kweli uliamsha kinga, tulikuwa tunawagawia fimbo watu wanaopigana ndani ya nyumba. Alfalfa, kwa mfano, huuzwa kama mmea wa afya, na inajulikana kwamba inaweza kuiamsha lupusi iliyolala. Mwenye ugonjwa wa namna hii akiambiwa "pandisha kinga", amwulize muuzaji: kinga ipi, ya kumpiga nani?

---

Chukudu_Birere

Muzee, nimesoma yote. Pole sana kwa dada. Ila karuho tusiidharau. Baba yangu mdogo alikwenda hivyohivyo: alikonda, akakohoa, tumbo likamvimba. Opitali hawakuona kitu. Wewe unataka kusema wazee wetu wote walidanganyika?

---

Labo_Kadutu

Hapana ndugu, na pole kwa baba mdogo. Sikatai kwamba mtu anaweza kupewa sumu, wala sijui kilichomwondoa baba yako, kwa hiyo sitakisema. Nasema juu ya dada yangu. Ugonjwa wake ulikuwa unakuja na kuondoka zaidi ya mwaka, ukizidi baada ya kushinda juani, ukihama kutoka vidole kwenda ngozi kwenda figo. Dalili za lupusi ndizo hizo. Wakati anatapishwa, figo zake zilikuwa zinavuja protini kila siku, na hakuna aliyekuwa anaangalia. Bandeleti ingeonyesha. Wazee walitafuta sababu kwa macho waliyokuwa nayo. Sisi tumeongezewa macho.

Na neno karuho lina mzigo mwingine: lazima apatikane aliyetoa sumu. Kwetu alitajwa shangazi. Mpaka leo haji kula kwetu.

---

Mwalimu_Bagira

Nafundisha biolojia sekondari, na katika mtaala wetu kinga ni kupigana tu: bakteria wanaingia, chembe nyeupe zinawala, mwisho. Labo, walijuaje kwamba kuna seli za kutuliza? Mtu haoni utulivu kwenye mikroskopu.

---

Labo_Kadutu

Swali zuri mno, Mwalimu. Huuoni utulivu mpaka uuondoe.

Huko Japani, mwaka 1969, watafiti waliwatoa panya wachanga thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa. Ukifikiri haraka utasema: umeondoa kiwanda cha seli T, kinga itakuwa dhaifu. Ilitokea kinyume. Kinga ikawaka, ikaharibu ovari za panya wenyewe. Zilizoondolewa zilikuwa ni pamoja na zile za kutuliza, ambazo hutoka kwenye tezi zikiwa zimechelewa kidogo.

Sakaguchi akalishika jambo hilo hakuliachia. Miaka ya 1980 wanasayansi wengi walikuwa wameacha kabisa kuamini habari za seli za kutuliza, kwa sababu madai ya awali yaliporomoka. Yeye aliendelea. Mwaka 1995 akatoa jibu: alichukua seli T, akaondoa zenye CD25, akazipandikiza zilizobaki kwenye panya wasio na seli T. Panya wakaugua tezi ya shingo, tumbo, ovari na viungo vingine. Akiwarudishia zile zenye CD25, hawakuugua.

Upande wa pili, Marekani. Kwenye maabara ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee, katika miaka ya 1940 walizaliwa panya dume wenye ngozi ya magamba, wengu na tezi zimevimba, wanakufa baada ya wiki chache. Brunkow na Ramsdell, wakifanya kazi kwenye kampuni ndogo ya dawa, waliamua kuitafuta jeni yenye kosa. Vifaa vya miaka ile ya 1990 vilikuwa vya taratibu. Walibana eneo la kromosomu X mpaka herufi za DNA kama 500,000, humo wakakuta jeni 20, wakazichunguza moja baada ya nyingine. Ilikuwa ya ishirini. Wakaiita Foxp3. Mwaka 2001 wakaonyesha kwamba watoto wa kiume wenye kosa kwenye jeni hiyohiyo hupata ugonjwa unaoitwa IPEX: kuhara kusikokoma, ukurutu, sukari tangu uchanga. Miaka miwili baadaye ikathibitika kwamba Foxp3 ndiyo inayozitawala seli T dhibiti. Jeni moja ikikosewa, mwili mzima unajila.

Mwalimu, ukiwaeleza wanafunzi, anza na wale panya wa siku ya tatu. Nimelijaribu kwa mpwa wangu wa miaka 14, akaelewa mara moja.

---

Dkt_Ibanda

Nimefurahi kuona uzi huu. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani hapa Bukavu, naomba niongeze na nisahihishe kidogo.

Msitoke hapa mkidhani kwamba mwenye lupusi amekwishiwa na seli dhibiti. Kwenye IPEX ndiyo, kosa liko palepale. Kwenye lupusi matokeo ya watafiti yanapishana: wapo waliozikuta chache, wapo waliozikuta za kutosha lakini kazi yake imelegea. Kwenye baridi yabisi ya viungo, maji ya goti lililovimba yanaweza kuwa na seli dhibiti nyingi kuliko damu, na goti bado linawaka, kwa sababu wapiganaji waliomo wamekuwa sugu. Kwa mfano wa Labo: nyumbakumi yupo, ila kelele zimeizidi sauti yake.

Na chanzo si seli dhibiti peke yake. Kuna jeni za kurithi, homoni (wenye lupusi tisa kati ya kumi ni wanawake), na jua. Hili la jua nalisisitiza. Bukavu kuna ubaridi, watu hudhani jua letu ni dogo. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 juu ya bahari na sisi tuko juu yake, tena karibu kabisa na ikweta. Mgonjwa wa lupusi avae mikono mirefu na kofia pana hata siku ya mawingu.

---

MamaNeema_Katindo

Dokta, mi niko Goma. Mutoto wangu wa kike ana miaka tisa, sukari ilimuanza akiwa na sita. Alikuwa anakunywa maji usiku kucha na kukojoa kitandani, tukamupiga bure, Mungu anisamehe. Siku ya tatu alianza kupumua kwa nguvu, mudomo unanuka kama matunda yaliyooza, tukamukimbiza. Watu wanasema nilimupa sukari nyingi na bonbo. Je, sukari yake pia ni ya hizi seli? Na insulini, umeme ukikatika siku mbili, iko inaharibika?

---

Dkt_Ibanda

Mama Neema, nisikilize vizuri: hukumletea ugonjwa huo kwa bonbo. Sukari inayoanza utotoni kwa kasi namna hiyo kwa kawaida ni aina ya kwanza. Seli T zake zimeziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Ndiyo, seli dhibiti zimo kwenye habari hii: zilishindwa kuwazuia wapiganaji ndani ya kongosho. Mama hawezi kulisababisha hilo kwa chai tamu. Na kitandani alikojoa kwa sababu sukari ikizidi huvuta maji kwenda kwenye mkojo. Mweleze mtoto hivyo, anafikia umri wa kuelewa.

Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Chupa iliyofunguliwa inavumilia ndani ya nyumba kama wiki nne, mradi pasizidi joto la nyuzi 25 hadi 30, na hewa ya Goma inakusaidia. Kinachoiharibu ni jua, kuwekwa karibu na mbabula (jiko la makaa), na kuganda. Chupa iliyowahi kuganda itupwe hata kama inaonekana nzuri.

Kwa akiba, fanya hivi: chukua chungu kikubwa na kidogo, kidogo kiingie ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga, umwagilie maji asubuhi na jioni. Insulini iwe ndani ya mfuko wa plastiki kwenye chungu cha ndani, funika kwa kitambaa chenye maji, weka kivulini penye upepo. Hakifikii baridi ya friji, lakini kinashusha joto vya kutosha kuiokoa.

Na dozi usiiruke kamwe. Hata siku asiyokula vizuri, insulini hupunguzwa kwa ushauri, haiachwi.

---

MamaNeema_Katindo

Aksanti dokta. Nimelia. Tangu uwanja wa ndege wetu ufungwe Januari 2025, nanunua chupa mbili kwa mara moja nikizipata, sikujua pa kuziweka. Kesho naenda sokoni kutafuta vyungu.

---

Mwalimu_Bagira

Nina swali jingine, na naomba lisichukuliwe vibaya. Nimesikia kwamba minyoo hutuliza kinga, na kwamba zamani vijijini magonjwa haya hayakuwepo kwa sababu ya minyoo na malaria. Je, tunakosea kuwapa watoto dawa ya minyoo?

---

Dkt_Ibanda

Wazo lina mizizi ya kweli. Mwaka 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba baridi yabisi na magonjwa ya jamii hiyo aliyaona kwa nadra sana pale, akashuku maambukizi ya vimelea. Baadaye panya wanaozaliwa na mwelekeo wa kuugua hivyo walipoambukizwa malaria ya panya, ugonjwa ulipungua. Mnyoo unataka kuishi ndani yako miaka mingi, kwa hiyo unachochea seli dhibiti ziitulize kinga isiufukuze. Na kuna habari ya upande wa pili: Wafulani wa Burkina Faso huugua malaria kidogo kuliko majirani zao, na utafiti wa mwaka 2008 ulikuta seli zao dhibiti hazifanyi kazi kwa nguvu kama za majirani. Breki ikilegea, vita dhidi ya malaria vinakwenda vizuri zaidi. Kwa hiyo seli hizi si "nzuri" kila mahali. Hata uvimbe wa saratani hujificha nyuma yake.

Lakini dawa ya minyoo, Mwalimu, wape watoto. Mnyoo unakula damu ya mtoto na kumdumaza. Hatuwezi kumkodisha mtoto kwa minyoo ili tumkinge na ugonjwa ambao pengine hatauona.

Na kwa wagonjwa wetu kuna hatari ya pekee. Mnyoo unaoitwa strongyloides unaweza kukaa mwilini miaka bila dalili. Mgonjwa akianzishiwa kortizoni nyingi, dawa ya kutuliza kinga, mnyoo huo huzaana na kusambaa mpaka kwenye mapafu, na unaua. Ndiyo maana huku kwetu kabla ya dozi kubwa ya kortizoni natoa ivermektini, dawa ya mnyoo huo. Kama daktari wako hakuitaja, mkumbushe kwa adabu, hatakasirika.

---

Labo_Kadutu

Kweli tupu. Dada alipewa ivermektini siku mbili kabla ya kuanza prednizoloni, ndiyo kortizoni yake. Na kifua alipigwa picha kwanza kwa ajili ya kifua kikuu.

---

Rosette_Katuba

Mimi ni wa Lubumbashi, nawasoma kimya tangu mwanzo. Mmetaja kortizoni. Huku wasichana wengi wanakunywa deksa wanenepe mashavu na makalio, zinauzwa sokoni bila karatasi ya daktari, nami nilikunywa miezi saba. Nilipoacha ghafla nilianguka bafuni, nikaamshwa na maji. Sasa dada yangu mkubwa ameandikiwa prednizoloni kwa ajili ya lupusi na anakataa: anasema ni ileile dawa iliyotaka kuniua.

---

Dkt_Ibanda

Rosette, asante kwa kusema wazi. Ni jamii moja ya dawa, ndiyo. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kortizoni ya mwili. Ukimeza ya dukani miezi mingi, tezi inalala. Ukiacha ghafla, mwili unabaki bila kabisa: presha inashuka, unaanguka. Ndilo lililokupata, na wapo wasioamka.

Kwa dada yako ni tofauti kwa sababu ana moto wa kuzimwa, na kuna anayehesabu vidonge. Huanza na dozi ya juu, kisha hupunguzwa ngazi kwa ngazi. Uso utajaa, presha na sukari zipimwe, mifupa ilindwe. Akisikia nafuu asijiachishe mwenyewe. Wagonjwa wengi niliowapoteza waliacha walipopata nafuu.

Nguzo yake ya kudumu itakuwa haidroksiklorokwini, ndugu ya ile klorokwini ya malaria tuliyokunywa utotoni. Inapunguza kuamka kwa ugonjwa na ni ya miaka mingi. Macho tu yapimwe mara kwa mara. Kama figo zimeguswa, huongezwa dawa nyingine ya kutuliza kinga, mikofenolati au siklofosfamidi.

Kwa heshima, mwambie aandike maswali yake kwenye karatasi aende nayo kwa daktari wake. Akiambiwa yote mara moja hatakumbuka nusu.

---

Chukudu_Birere

Dokta, kama hizi seli zinajulikana, kwa nini wasizitie kwenye sindano wakamchoma mgonjwa, yakaisha?

---

Dkt_Ibanda

Wanajaribu. Huko Gdańsk, Poland, walitoa seli dhibiti kwenye damu ya watoto wenye sukari ya aina ya kwanza, wakazikuza maabara zikawa nyingi, wakawarudishia. Mwaka 2012 wakaripoti juu ya watoto kumi: hakukuwa na madhara makubwa, na kwa baadhi mahitaji ya insulini yalipungua kwa muda. Kwa muda, nasisitiza.

Njia nyingine ni ile interleukini-2. Kwa dozi kubwa ilikuwa dawa ya saratani ya figo, kwa sababu inawaamsha wapiganaji. Kwa dozi ndogo sana mambo hugeuka: seli dhibiti zina kipokezi chenye mshiko mkali, hivyo zinaidaka zote kabla wengine hawajaionja, zinaongezeka. Wafaransa na Wachina wameijaribu kwa lupusi. Bado haijawa dawa ya kuandikiwa kama kawaida. Ugumu ni kumpata nyumbakumi wa avenyu husika: ukituliza kinga yote, mgonjwa atauawa na kifua kikuu.

Kwa hiyo mtu yeyote mjini hapa au Goma au Lubumbashi anayewauzia "seli" au "sindano ya Nobel", mkimbieni. Hakuna kitu hicho.

---

Labo_Kadutu

Dokta, swali la mwisho ni la dada mwenyewe, amesimama nyuma yangu anasoma kwenye simu. Ana mchumba. Familia ya mchumba imesikia. Anauliza kama anaweza kuzaa.

---

Dkt_Ibanda

Mwambie wengi huzaa, na watoto wao ni wazima. Ila si wakati wowote. Ugonjwa uwe umetulia angalau miezi sita, mkojo uwe safi, presha iwe sawa. Kama anameza mikofenolati ibadilishwe kabla hajashika mimba, kwa sababu inamdhuru mtoto tumboni, haidroksiklorokwini iendelee. Mimba ifuatwe na daktari wa wazazi pamoja na wa ndani.

Na mwambie jambo moja ambalo naona atalipenda. Nusu ya mtoto ni ya baba, kwa kinga ya mama ni mgeni. Mgeni huyo anakaa miezi tisa bila kufukuzwa, na moja ya sababu ni kwamba seli dhibiti huongezeka na kukusanyika kwenye mfuko wa uzazi kumlinda. Mwili wa mama unajua kutuliza ukipewa nafasi. Mchumba aje naye kwenye miadi ijayo. Nitamweleza mwenyewe.

---

Labo_Kadutu

Amesoma. Amekaa kimya, halafu amekwenda kumpigia simu.

Vidonge vya asubuhi anameza saa moja, na sahani ya uji. Mkojo tunaupima kila Jumamosi, na tarehe naiandika ukutani kwa penseli, kando ya mlango wa jikoni. Mstari wa kwanza, Julai 2024: misalaba mitatu. Desemba: miwili. Kuna mwezi tulikosa dawa, ikarudi mitatu. Jumamosi iliyopita nilichovya, nikahesabu sitini, kiraba kikabaki njano yenye kijani kidogo pembeni. Nimeandika: alama tu.

---

MamaNeema_Katindo

Vyungu nimevipata, mchanga wa ziwa nimeuchekecha. Nimetia kipima joto cha mutoto ndani, hakikusoma kitu, nadhani kinasoma homa tu. Ila mukono ukiingiza, ni baridi kama asubuhi.

---

Labo_Kadutu

Hicho cha homa kinaanzia nyuzi 35, mama, hakifai kwa chungu. Nina cha labo cha akiba, kinaanzia sifuri. Nitakupa kwa mtu anayepanda boti ya kesho. Niandikie faraghani jina la atakayekipokea bandarini.